Rambo Aliyelia

Jioni ya sikukuu ya Idd, baada ya swala ya Isha, tulikuwa barazani kwa mjomba wetu, Mwembesongo, hapa mjini Morogoro. Safu ya Uluguru ilikuwa imekwisha kumezwa na giza, na pilau imebaki ukoko. Ndani vijana walikuwa wakitazama filamu. Tulidhani watakaogombana usiku ule ni watoto, kwa ajili ya soda. Kumbe ni watu wazima wenye ndevu zao, na waliyekuwa wakimgombania ni Rambo.

Filamu yenyewe ni ya tano, Rambo: Last Blood, ya mwaka 2019. Humo Rambo ni mzee anayeishi shambani kwake Arizona. Binti aliyemlea kama mwanawe anaangukia mikononi mwa genge nchini Mexico, na hatimaye anafariki. Mzee anatega mitego ndani ya mahandaki yaliyo chini ya shamba, anawamaliza wahalifu mmoja mmoja, na mkubwa wao anamng'oa moyo kifuani. Wazazi wasihadaike na jina wanalolijua tangu utotoni: hiyo si filamu ya kuwaachia watoto.

Kaka yetu, aliyekulia katika vibanda vya video enzi za kanda, alikataa katakata kuwa huyo ni Rambo. Wake ni yule wa 1985 aliyerudi Vietnam kuwakomboa mateka, na zaidi yule wa 1988 aliyekwenda Afghanistan akapigana bega kwa bega na mujahidina. "Niambieni," alisema, "ni filamu ngapi za Marekani ambamo Mwislamu ni rafiki wa stelingi?" Swali hilo lilituingia, kwa kuwa hesabu yake haihitaji vidole vingi. Mdogo wetu wa mwisho alimjibu kwa adabu, ila hakurudi nyuma: "Kaka, ninyi mnataka stelingi asizeeke wala asifiwe. Huyu amezika mtoto. Mlitaka afanye nini?"

Tukiri kuwa kaka ana shahidi mzito. David Morrell, aliyemwumba Rambo katika riwaya yake ya mwaka 1972, alipoiona filamu hii alisema hadharani kwamba anaona haya jina lake kuhusishwa nayo. Hata sisi huku tulikuwa tumelizoea jina la Rambo mno, hadi tukawapa mifuko ya plastiki. Mifuko ya rambo ikapigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na Septemba ya mwaka huohuo mwenye jina akarejea sinema.

Lakini wote wawili walimsahau Rambo wa kwanza, wa mwaka 1982. Yule ni askari aliyetoka vitani, anapita katika mji mdogo wa nchi yake mwenyewe, na polisi wanamdhalilisha kama mzururaji. Katika filamu nzima anakufa mtu mmoja tu, anayeporomoka kutoka kwenye helikopta. Na mwisho wake si ushindi. Rambo anamlilia kanali wake wa zamani, akimsimulia jinsi rafiki yake alivyosambaratishwa na bomu lililofichwa ndani ya sanduku la mng'arisha viatu. Katika riwaya anakufa. Watengenezaji wa filamu nao walikwisha kupiga picha za kifo chake, kisha wakabadili shauri. Wangemwacha afe, kusingekuwa na Afghanistan wala Mexico, na baraza yetu ingekuwa na amani.

Kilio hicho sisi hatukukisikia. Mtafsiri wa kibandani alikipita mbiombio, watu wakitafuta ndala zao gizani, na sisi watoto tukacheka: stelingi analia!

Mjomba alikuwa amejilaza mkekani, tukidhani amesinzia. Yeye ni mtu wa Kinole, kule milimani. Mwishoni mwa mwaka 1978 alichukuliwa vitani Kagera, akarudi baada ya Kampala kuanguka Aprili 1979. Hayo ndiyo yote tuyajuayo.

"Huyo mnayemgombania," aliuliza, "si ndiye yule aliyemlilia mkubwa wake?"

"Ndiye, mjomba," kaka alijibu. "Ile ya kwanza kabisa."

"Basi mimi namjua huyo tu. Niliiona mara moja, Msamvu." Akanyamaza kidogo. "Watu walicheka."

Kaka aliinamisha kichwa. Mdogo wetu aliingia ndani, akazima televisheni, akatoka na birika la chai. Mjomba alipokea kikombe, akauliza kama migomba ya Kinole imepata mvua.

Miaka yote hii tumekula Idd barazani kwake, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza aliwaacha kina nani huko Kagera. Ijumaa hii, baada ya swala, tunakwenda kwake, na televisheni haitawashwa.