Jina la Mtoto wa Kike na Maneno ya Jamaa



Nataka kusema juu ya jambo linalotupitia majumbani kila mwaka, nalo ni jina la mtoto, hasa mtoto wa kike. Wa kiume aghalabu hana taabu. Akiitwa Muhammad, Ali au Said, wakubwa hunyamaza. Lakini akizaliwa binti, simu hazilali. Shangazi ana lake, bibi mzaa mama ana lake, mjomba aliyeko Maskati ambaye hajaonekana miaka saba naye ana lake, na wifi hana jina ila ana la kusema juu ya kila jina litakalotajwa. Wazazi wenyewe, ambao ndio wanaokesha, huwa mashahidi tu.

Rai yangu naiweka wazi: jina ni haki ya wazazi wawili. Chuoni tulisomeshwa kwamba wakikhitilafiana, neno ni la baba. Ingawa baba mwenye akili hulitumia neno hilo baada ya kumsikiliza aliyebeba mimba miezi tisa. Sisi wengine tuna dua na tuna nasaha. Kura hatuna.

Msidhani nasema haya kwa mzaha. Serikali ya hapa hutaka mtoto aandikishwe ndani ya siku 42, na huko Scotland ndani ya siku 21. Nimekwisha kumwona mtoto aliyechinjiwa mbuzi wake siku ya saba, akanyolewa, ikatolewa sadaka ya fedha kwa uzito wa nywele zake, naye bado hana jina kwa kuwa upande wa mume wanataka la bibi yao na upande wa mke wanataka la bibi yao. Arubaini ikaingia akiitwa ‘Bebi’. Mama yake, mzazi mchanga aliye peke yake katika fleti ghorofa ya tatu, akaacha kupokea simu za wakubwa, hata za mamake mwenyewe. Hilo ndilo linalonitia khofu. Katika ugeni huu, simu ya mama ndiyo baraza na ndiyo jirani. Tukimfanya binti aikimbie kwa ajili ya jina, tumemnyang'anya msaada siku anazouhitaji mno.

Najua chanzo chake ni heshima. Kwetu, mtoto akipewa jina la bibi mzaa baba, mamake halitamki ovyo, maana ni jina la mavyaa wake. Hamkaripii kwa jina hilo. Humwita Bibi, au Mama, au Somo. Nimewasikia mabibi wakimwambia mjukuu wao ‘somo yangu’ kwa sauti ambayo hawajapata kumwambia mtu mwingine. Ni ada nzuri, tena ina asili, kwani Mtume (s.a.w.) alipozaliwa mwanawe usiku alisema amempa jina la baba yake Ibrahim. Lakini ni zawadi, na zawadi haidaiwi. Nasaha yangu kwa vijana ni kwamba mwendeeni bibi kabla ya kuzaliwa mtoto, mumuulize. Bibi aliyeulizwa husema, ‘Wanangu, mpeni jina mnalolitaka.’ Bibi aliyepashwa khabari na jirani hununa mpaka Idi.

Sasa wapo watu wawili nisioafikiana nao.

Wa kwanza ni yule jamaa anayesikia Mwanaidi, Mwanakombo, Tatu, Mwaka au Riziki akasema, ‘Jina gani hilo la kishamba?’ Majina hayo ndiyo khabari zetu. Mwanaidi alizaliwa Idi, Mwaka alizaliwa siku ya mwaka, Tatu ana wawili waliomtangulia. Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utenzi ule maarufu mwaka 1858, hakuhitaji jina jingine ili asomwe mpaka leo. Na yule mwimbaji wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika sahani za santuri, wazazi wake walimwita Mtumwa. Dunia ikamjua kwa Siti binti Saad. Atakayemcheka mtoto kwa jina lake na aikumbuke khabari hiyo kwanza.

Wa pili ni mzazi kijana anayechagua jina kwa kupima ulimi wa mwalimu wa Kiingereza. Nimefundisha katika shule za hapa miaka mingi, na nawaambieni kwamba mwalimu anayeweza kusema Tchaikovsky ataweza kusema Khadija akitaka. Mtoto hufupishwa jina lake pale anapoona wazazi wake wenyewe wanalionea haya. Bibi Salme binti Said, aliyetoka Unguja mwaka 1866 akabatizwa Emily na kuolewa na Ruete, aliwapa wanawe majina ya Kijerumani, lakini kila mmoja akamtilia na la Kiarabu: Antonie Thawka, Rudolph Said, Rosalie Ghuza. Huyo alikuwa ameacha dini na nchi, na jina hakuliacha lote.

Kuna jambo moja ambalo mkubwa ana haki ya kulisemea, nalo ni maana. Herufi zetu hizi za Kizungu huficha mengi. Asiya kwa sini ni jina la mke wa Firauni, mwanamke mwema, kwa swadi na aini ni mwenye kuasi, na Mtume (s.a.w.) alimbadilisha mmoja aliyekuwa nalo akamwita Jamila. Kwa kalamu ya hapa yote mawili huandikwa sawasawa. Basi ukipenda jina ulilolisikia, mtafute ajuaye Kiarabu akuandikie kwa khati yake kabla hujaenda kwa mwandikishaji. Mtu akikwambia ‘zito hilo, mtoto atalialia’, mshukuru, umpe kahawa. Lakini akikwambia maana yake ni mbaya, msikilize.

Na tahajia pia. Unguja ni Fatma, Mombasa ni Fatuma, na wengine huandika Fatima. Chagueni moja, iwe hiyo hiyo katika cheti, pasi na skuli. Kwa Uingereza hii na Wales jina la kwanza laweza kubadilishwa ndani ya miezi 12 tangu kuandikishwa, baada ya hapo ni safari nyingine. Kadhalika jina la ukoo: wengi wetu tulipoulizwa tuliandika jina la baba, ndugu mwingine akaandika la babu, na leo watoto wa ndugu wawili hawaonekani kwa karatasi kuwa ni jamaa.

Kwa hivyo namwomba mhariri, katika ukurasa wa waliozaliwa wa kitabu cha mwakani, kila binti aandikwe jina lake, kisha binti fulani bin fulani mpaka babu wa tatu, na pembeni jina la mamake na la bibi wa pande zote mbili. Wazazi watuletee kabla ya mwezi wa Rajabu. Na lile walilolichagua liandikwe kama walivyolileta.