Spika Ileile, Bei Mbili
Mtu akirudi kutoka Dubai na spika, utamsikia tu: "Kule bei ya kutupa, Kariakoo wanatunyonya." Mimi simtetei mwenye duka, maana faida anaijua, ila wa kwanza kulaumiwa si yeye. Dubai ushuru wa forodha kwa kawaida ni 5%, na VAT, iliyoanza 2018, ni 5% vilevile. Kwetu Afrika Mashariki bidhaa iliyokamilika hutozwa kwa kawaida 25%, tena hesabu haianzii kwenye bei ya kiwandani bali kwenye bei hiyo pamoja na nauli ya meli na bima. Juu ya jumla hiyo Tanzania Bara inapandisha VAT ya 18%, yaani kodi juu ya kodi: mzigo uliofika bandarini kwa shilingi 100,000 unatoka ukiwa 147,500, bado tozo ndogondogo, lori na pango la duka. Na spika ni boksi lililojaa hewa. Nafasi inayokula kwenye kontena ingetosha simu mia. Wanaojilinganisha na Marekani wasahau kidogo furaha yao, kwani bei ya kwenye kibandiko kule haina kodi ya mauzo. Utakutana nayo kwa keshia. Halafu kuna umeme. Amplifaya iliyoundwa kwa volti 120 pekee, ukiichomeka kwenye 230 zetu bila transfoma, inaungua. Ya kwangu ilicheza nusu wimbo.