Kabla ya programu mpya, safisheni orodha ya wanachama

Vyama vingi Voi na Taveta vinataka kuachana na daftari, viingie kwenye programu ya kisasa. Sawa, lakini sisi tunasema orodha kwanza. Wengi humtambua mwanachama kwa namba ya simu. Laini hubadilishwa, mama hulipia na simu ya mtoto, na mkiwa na kina Wakesho watatu, hiyo 500 ni ya nani? Mpeni kila mtu namba ya uanachama, aiandike kwenye sehemu ya akaunti kila anapolipa Paybill.

Mitambo ya M-Pesa ilipohamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya mwaka 2015, salio la kila mteja lilipaswa kufika kama lilivyo. Yenu pia linganisheni na daftari, moja moja, hata ikichukua mwezi. Muuza programu akiwaharakisha, mwambieni asubiri.