Tuirudishe foleni ya salamu

MACHI 2020 serikali ya Sudan Kusini ilipopiga marufuku mikusanyiko kwa sababu ya korona, waumini wa hapa Bilpam, Juba, walitii. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Aprili 5. Jumapili iliyofuata ilikuwa Pasaka, nasi tuliisali nyumbani, redio ikiwa mezani.

Hatuna ugomvi na amri ile. Ililenga kulinda uhai, na majirani walifanya vivyo hivyo. Uganda ilifunga nyumba za ibada hadi Septemba, na Kenya ilipozifungua Julai iliruhusu watu 100 tu kwa saa moja. Tunalotaka kulisema leo linahusu kile ambacho hakikurudi milango ilipofunguliwa.

Mahubiri hatukuyakosa, redio ilituletea. Tulikosa mambo madogo. Tulikosa ngoma ya asubuhi, watoto waliojitwika viti vya plastiki, na karani akisoma matangazo: nani anaumwa, nani amejifungua, nani amefiwa, mgeni yupi katoka wapi. Zaidi ya yote tulikosa foleni ya salamu. Anayetoka kanisani huwapa mkono wote waliomtangulia, kisha naye husimama mwisho wa mstari kuwangoja wanaomfuata. Hakuna anayekwenda kwake bila kusalimiwa na kanisa zima.

Anayeandika haya ni mwalimu aliyesomea Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992. Wengi wetu kule tulikuwa vijana tusio na wazazi. Asiyeonekana kwenye foleni ya Jumapili alifuatwa kibandani kwake jioni hiyo hiyo. Foleni ndiyo iliyokuwa daftari letu la mahudhurio.

Katika miezi ile ya kukaa ndani, mama mmoja jirani yetu, muuza chai, aliugua siku tisa pasipo mtu kujua. Alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini ingekuwa kawaida, Jumapili ya kwanza tu tungeuliza yuko wapi.

Kwa sisi tuliorejea, daftari hili si mchezo. Wengi tumerudi Juba ndugu zetu wakiwa bado Kenya, Uganda au vijijini mbali. Tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, wengine wengi wamerudi kwa kupitia Renk, na baadhi hawana wanayemjua mjini. Mfanyabiashara naye huenda Nimule na Elegu, akakaa njiani wiki mbili. Akirudi, ni matangazo yanayomjulisha aliyefiwa ili akatoe pole. Na asiporudi, ni foleni inayouliza kwa nini.

La kusikitisha ni kwamba katika baadhi ya makanisa yetu matangazo sasa husomwa mbio, wageni hawasimamishwi, na baraka ikishatolewa kila mtu hukimbilia bodaboda. Tulizoea kutawanyika haraka kwa hofu ya ugonjwa. Hofu imepungua, mazoea yamebaki.

Wapo watakaosema kupeana mikono bado ni hatari, hasa baada ya kipindupindu kilichotangazwa nchini Oktoba 2024. Hoja hiyo ina uzito. Basi iwekwe ndoo ya maji na sabuni mlangoni, na anayeogopa aweke mkono kifuani, ainamishe kichwa. Muhimu ni kusimama na kuangaliana usoni.

Kwa hiyo tunawaomba wachungaji, mapadri na wazee wa kanisa wafanye mambo matatu. Kwanza, foleni ya salamu irudishwe kila Jumapili. Pili, mgeni asimamishwe, ataje jina na atokako, maana huenda shangazi yake amekaa benchi la nyuma. Tatu, wagonjwa, wazee na wanawake waliotoka kujifungua, ambao bado wanakaa nyumbani, watembelewe jioni na kupelekewa matangazo yote, pamoja na habari za nani aliwaulizia.

Haya hayahitaji fedha za wafadhili wala kibali cha serikali. Yanahitaji robo saa tu. Wahenga walisema mtu ni watu. Jumapili hii, msomaji, kabla hujaita bodaboda, simama kwenye mstari. Tazama nani hayupo, kisha kamuulize kwake.