Neno la Mhariri: Kufuli Dhaifu Lililoletwa Kwetu

Mwulize wakala wa M-Pesa pale Likoni, hatua chache kutoka kivukoni, sheria za Marekani za kuuza bidhaa nje zinamhusu nini. Atakwambia hazimhusu hata kidogo. Zinamhusu. Namba ya siri anayobonyeza mteja wake husafiri ikiwa imefichwa kwa hesabu, na hesabu za aina hiyo, yaani usimbaji fiche, hadi 1996, Marekani iliziweka katika orodha moja na vifaru na makombora.

Mwaka 1994 mhandisi Phil Karn aliomba ruhusa huko Washington kusafirisha nje kitabu cha Bruce Schneier kuhusu usimbaji fiche, Applied Cryptography. Kitabu kikapita. Akaomba tena kwa disketi yenye programu zile zile zilizochapwa kitabuni. Disketi ikakataliwa: ni silaha. Changamwe kuna mawakala wa forodha wanaojua kila fomu ya kontena, lakini nani angewaeleza kwamba karatasi ni halali na disketi ni haramu, na maneno ni yale yale?

Madhara ya masharti ya namna hii hayakuishia kwa watafiti. Simu za GSM zilitungiwa njia mbili za kuficha mazungumzo: A5/1 kwa ajili ya Ulaya, na A5/2, iliyodhoofishwa makusudi, kwa masoko ya nje. Mwaka 2003 watafiti wa Israeli walionyesha kwamba ufunguo wa A5/2 unapatikana kwa kompyuta ya kawaida chini ya sekunde moja. Marekani ililegeza masharti yake mwaka 2000, lakini funguo fupi za biti 512, zilizobuniwa kwa wanunuzi wa nje, zilikutwa bado zinakubaliwa na tovuti nyingi mwaka 2015. Sheria ilikwisha kulegezwa, udhaifu ukabaki.

Leo Makubaliano ya Wassenaar, yanayodhibiti uuzaji nje wa silaha na teknolojia kama hii, yana nchi 42. Kutoka Afrika imo moja tu, Afrika Kusini. Kijana wa Kisauni anayefanya utafiti na mwenzake aliyeko Ujerumani anafuata masharti ambayo Kenya haikukaa mezani kuyaandika. Utafiti ambao haujachapishwa, akitumiwa yeye peke yake, huenda ukahitaji kibali. Ukishachapishwa wazi kwa kila mtu, kwa kawaida hauhitaji.

Hapo ndipo penye nafasi yetu, na tusiiache. Vyuo vya Pwani visitie saini ushirikiano wowote wa utafiti wa usimbaji fiche bila kifungu kinachosema matokeo yatachapishwa hadharani, programu zikiwemo. Na Serikali ikiandika sheria ya namna hii, iwaite watafiti kabla ya rasimu, si baada yake.

Nanyi mnaofanya kazi hii Kisauni, Likoni na Changamwe, tuleteeni makala zenu pamoja na programu zake, mstari kwa mstari. Tutazichapa zote.