KAZI NA MAISHA: Mkanda uliofichika nyuma ya pangaboi

Juma hili twataka kusema nanyi habari ya kitu kidogo ambacho wengi wanaosafiri kwa ndege ndogo hawajakiona hata mara moja. Kitu hicho ni mkanda wa mpira, usio mpana kuliko kidole, unaozungusha altaneta, yaani chombo kinachofanya umeme wa ndege. Twasimulia habari hii kwa ajili ya vijana wanaojifunza ufundi, na kwa ajili ya wazazi wao pia. Maana ndani ya kazi hiyo mna jambo linalowapasa watu wote, hata wale wasioshika spana maishani mwao.

Kwanza tuangalie jinsi mashini ilivyo. Ndege nyingi ndogo zenye pangaboi moja, kama vile Piper Cherokee iliyoanza kuuzwa mwaka 1961, na Cessna 172 tangu zile za mwaka 1968, hutumia injini ya Lycoming yenye silinda 4. Nyuma tu ya pangaboi kuna gurudumu kubwa lenye meno, ambalo stata hulishika wakati wa kuwasha injini. Katika gurudumu hilo umechongwa mfuo wa kubeba mkanda. Injini ikizunguka, mkanda huizungusha puli ya altaneta, na umeme unaotoka humo hujaza betri na kulisha taa, redio na baadhi ya vipimo.

Sasa tazameni shida ilipo. Mkanda huo ni duara lisilo na mwanzo wala mwisho, nao umeizunguka shafti kuu ya injini, na mbele ya shafti hiyo limefungwa pangaboi. Haiwezekani kuutoa mkanda wa zamani na kuuingiza mpya pasipo kuliondoa kwanza pangaboi. Katika motokaa nyingi kazi ya namna hii si kubwa. Katika ndege, kitu cha bei ndogo chadai kazi kubwa. Kwa sababu hiyo fundi hushawishika kusema: “Bado utafaa kidogo, tutaubadili wakati mwingine.”

Je, utafaa? Mkanda uliochoka hujulikana kwa dalili zake. Upande wa ndani huwa na nyufa ndogo. Kingo hutoka nyuzi. Mahali panapogusana na puli hung’aa kama kioo, kwa maana mkanda umekuwa ukiteleza. Pengine vumbi jeusi la mpira huonekana karibu na puli, au mshale wa kipimo cha umeme hutikisika. Fundi aliyeziona dalili hizo hawezi tena kusema kwamba hakujua.

Wako watakaotujibu kwamba mkanda ukikatika, injini haizimiki. Ni kweli. Cheche za injini hizo hutoka katika magneto 2 zinazojitegemea, zisizohitaji betri wala altaneta. Mchana, mbingu zikiwa nyeupe, rubani huzima kila kitu kisicho cha lazima, akatafuta kiwanja kilicho karibu, akatua salama. Lakini usiku, au ndani ya mawingu, mambo ni mengine. Betri peke yake huweza kudumu nusu saa hivi, pengine pungufu. Kisha redio hunyamaza na taa hufifia.

Tarehe 11 Oktoba 1983, kule Marekani, ndege ya shirika la Air Illinois iliondoka usiku mjini Springfield kwenda Carbondale. Ilikuwa ndege kubwa kuliko hizi tunazozisema, yenye injini 2, na ubovu wake haukuwa wa mkanda. Lakini mara tu baada ya kuruka, jenereta moja iliharibika, na ile nzima ikatengwa kwa kosa, wasiweze kuirudisha. Kiwanja walichotoka kilikuwa karibu. Rubani akachagua kuendelea kwa nguvu ya betri, huku hali ya hewa ya mbele ikizidi kuwa mbaya. Betri ikaisha kabla ya safari. Ndege ikaanguka karibu na Pinckneyville, na watu wote 10 waliokuwamo wakafa. Waliochunguza ajali hiyo walisema kwamba chanzo chake ni uamuzi ule wa kuendelea badala ya kurudi. Ndiyo maana twasema kwamba umeme wa ndege si jambo la kufanyiwa mchezo.

Basi, fundi mwema aifanyaje kazi hii? Kwanza huhakikisha kwamba magneto zimezimwa, tena huondoa nyaya za plagi. Asidharau jambo hili. Waya wa kuzimia magneto ukiwa umekatika, pangaboi lililozungushwa kwa mkono laweza kuiwasha injini ghafla na kumwua mtu. Kisha huondoa kifuniko cha injini, hutia alama mahali pangaboi linapokaa, apate kulirudisha vilevile, hukata waya wa usalama unaofunga bolti, halafu hulitoa pamoja na msaidizi wake. Huliweka mahali laini, lisipate hata mkwaruzo; maana mkwaruzo mdogo katika pangaboi huweza kuwa mwanzo wa ufa.

Hapo huvua mkanda wa zamani na kutazama puli zote mbili, kwa kuwa puli yenye kutu au ukingo uliovunjika itaula mkanda mpya upesi. Mkanda mpya shuruti uwe ule ulioandikwa katika kitabu cha ndege, wenye karatasi za kuuthibitisha. Sokoni hupatikana mikanda ya motokaa inayofanana nao kama mapacha. Lakini kufanana si ushahidi.

Kuukaza nako kuna kipimo. Fundi hutia spana yenye kipimo cha nguvu katika nati ya puli ya altaneta, akaizungusha mpaka puli iteleze ndani ya mkanda. Kwa mkanda wa inchi 3/8, ulio mpya, puli yapasa iteleze kati ya futi-ratili 11 na 13. Kwa uliokwisha kutumika, kati ya 7 na 9. Mkanda uliolegea huteleza na kuungua. Uliokazwa kupita kiasi huharibu beringi za altaneta. Na kwa kuwa mpira mpya hunyooka, fundi huukagua tena baada ya saa 25 za kuruka. Mwisho hulirudisha pangaboi, hukaza bolti kwa kipimo, huzifunga kwa waya mpya, na kuandika yote katika daftari la ndege pamoja na jina lake.

Mafundi wengine, pangaboi likiwa limetolewa, huingiza mikanda miwili: mmoja wa kazi, na wa pili huufunga vizuri mbele ya injini, usiguse kitu kinachozunguka. Siku ule wa kwanza utakapochoka, wa pili u tayari, bila kulitoa pangaboi. Hata hivyo, nao hukaguliwa, kwa kuwa joto na mafuta huuzeesha hata kabla haujafanya kazi.

Enyi vijana, fahamuni kwamba aliye mkubwa wenu kazini aweza kuwahimiza: abiria wanangoja, ndege ipae. Mjibuni kwa heshima, lakini msiandike jina lenu chini ya uongo. Mama mgonjwa anayepandishwa ndegeni hawajui ninyi, wala hawezi kuukagua mkanda. Ameweka uhai wake katika mikono asiyoiona.

Nanyi wazazi, tazameni nyumbani mwenu. Ugomvi mdogo wa mume na mke mara nyingi waweza kumalizwa kwa neno moja la kuomba radhi. Lakini mbele ya neno hilo kimefungwa kiburi, na hakuna apendaye kukifungua. Kwa hiyo siku hupita, na nyufa huongezeka. Yezu alitufundisha kwamba aliye mwaminifu katika dogo atakuwa mwaminifu katika kubwa pia. Tusingoje giza ndipo tuanze kulitoa lile linalotuzuia.