Saruji inaua kuta za Mji Mkongwe

Desemba 25, 2020, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilianguka pale Forodhani, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, huku ukarabati ukiendelea. Watu wawili walifariki. Jumba hilo, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilinusurika mizinga ya Waingereza mwaka 1896, likaja kuangukia mikononi mwetu.

Tangu hapo tunalililia jumba moja. Nyuma yake, katika vichochoro vya Shangani, Malindi na Kiponda, nyumba za watu zinaharibiwa na mikono ileile inayodhani inazitengeneza. Ukuta ukimomonyoka, mwenye nyumba huita fundi. Fundi huja na mifuko ya saruji, akapiga lipu, ukuta ukang'aa. Wala hatumlaumu. Saruji ipo kila duka na hushika upesi, wakati chokaa yataka kuchomwa, kuzimwa na kulazwa shimoni, na wanaoijua kazi hiyo wanazidi kupungua.

Lakini ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa maji na kuyatoa. Chokaa huyapisha, saruji huyafungia ndani. Chumvi hujikusanya humo, chokaa ya kale ikageuka unga, na ncha za boriti za mkoko zilizochomekwa ukutani zikaoza bila mtu kuziona. Lipu hiyo ikija kubanduka, hubanduka na jiwe.

Hatutaki Mji Mkongwe uwe makumbusho. Watu wanaishi humo, na wana haki ya vyoo, umeme na ngazi imara. Mkataba wa Venice wa 1964 kuhusu uhifadhi wa majengo ya kale wenyewe unaruhusu ufundi wa kisasa pale ule wa asili unaposhindwa, mradi kipya kijulikane kuwa ni kipya na kioane na cha kale. Basi choo kijengwe uani, juu ya msingi wake, dari ya boriti isikibebe. Boriti iliyochoka ishikiliwe na nguzo ya chuma, tena iachwe ionekane. Kumwaga zege zito juu ya dari hiyo ni kuwatega waliolala chini yake.

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipige marufuku lipu ya saruji kwenye kuta za chokaa, na Serikali igharimie mashimo ya chokaa ili mwenye nyumba asiye na uwezo aipate kwa bei isiyozidi ya saruji. Kazi hiyo ianze kabla ya masika.